DNA ya uzi mmoja, RNA ya nyuzi mbili: mbona darasani tuliambiwa kinyume?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya kwanza hapa Dodoma. Mwezi uliopita tulikwenda Kongwa kuchukua majani ya karanga yenye ugonjwa wa rozeti, na tuna majani ya muhogo pia. Darasani tulifundishwa DNA ina nyuzi mbili, RNA ina uzi mmoja, basi. Sasa nasoma kwamba kirusi cha batobato ya muhogo ni DNA ya uzi mmoja, na kirusi cha rota kinachoharisha watoto ni RNA ya nyuzi mbili. Lipi ni lipi? Pili, tulipotoa RNA kwenye majani ya karanga na kuipitisha kwenye jeli ya agarosi, tuliona mikanda kadhaa inang'aa vizuri tu. Mwenzangu anasema RNA ya uzi mmoja haiwezi kung'aa hivyo, kwa hiyo ile ni DNA imeingia. Tatu, kwa nini sampuli za RNA zinaharibika njiani wakati za DNA zinafika salama? Na mwisho, tukishatoa RNA ya muhogo, tunaweza kupima batobato na michirizi ya kahawia, ule ugonjwa mwingine wa muhogo, kwa kutumia tyubu hiyohiyo?

JIBU: Marahaba. Swali lako la kwanza ndilo lililozaa hayo mengine, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi, halafu tushuke kwenye jeli.

Darasani ulifungiwa pamoja mambo mawili ambayo kila moja lina njia yake: aina ya sukari na idadi ya nyuzi. DNA inaitwa DNA kwa sababu sukari yake ni deoksiraibosi, na mojawapo ya besi zake nne, yaani herufi za maandishi yake, ni thaimini. RNA inaitwa RNA kwa sababu sukari yake ni raibosi, na mahali pa thaimini pana urasili. Hapo hatujasema lolote kuhusu nyuzi. Ni kama kanga na kitenge: hilo ni swali la kitambaa. Kwamba umechukua doti nzima au kipande kimoja ni swali jingine, na muuzaji wa pale Majengo atakuuliza yote mawili. Kwa hiyo kuna DNA ya nyuzi mbili, DNA ya uzi mmoja, RNA ya uzi mmoja na RNA ya nyuzi mbili, na zote nne zipo duniani kweli, si za kwenye karatasi ya mtihani tu.

Mwalimu wako hakukudanganya. Alikuwa anazungumzia seli. Ndani ya seli yako, ya mbuzi au ya mhogo, DNA hutunzwa ikiwa na nyuzi mbili, na RNA nyingi hutengenezwa ikiwa uzi mmoja. Sababu ya DNA kutunzwa hivyo ni ukarabati. Saitosini, nayo ni mojawapo ya besi hizo, ina tabia ya kupoteza kikundi chake cha amini ikikaa majini, na ikikipoteza inageuka urasili. Kwa kuwa DNA haitumii urasili, kimeng'enya cha ukarabati kikiikuta kinajua hapa pameharibika. Kinaing'oa, na uzi wa pili, ambao bado una guanini mahali pale, unaonyesha nini kirudishwe. Ndiyo maana DNA ina thaimini: ingekuwa inatumia urasili kama kawaida, uharibifu huu usingetambulika. Sasa ondoa uzi wa pili. Hakuna tena pa kunakili, na zaidi ya hapo, saitosini iliyo kwenye uzi mmoja hupoteza amini yake kwa kasi inayozidi mara 100 ile ya kwenye nyuzi mbili. Kwa hiyo seli inapolazimika kuzifungua nyuzi, mathalani inaponakili DNA, haiuachi uzi wazi. Inaufunika mara moja kwa protini maalumu; kwa bakteria ni SSB, kwetu sisi ni RPA. Na kipande kirefu kikifunikwa na RPA muda mrefu, seli inakichukulia kama dalili ya hatari na kusimamisha mgawanyiko.

Virusi ndivyo vilivyouvunja utaratibu huo, na vya kwanza kukamatwa vilikuwa vya bakteria. Mwaka 1959 Robert Sinsheimer wa Marekani alionyesha kwamba DNA ya kirusi kidogo kiitwacho phiX174 ni ya uzi mmoja. Napenda kuwasimulia wanafunzi alivyojua, kwa sababu hakuwa na mashine zetu za leo. Kwanza alihesabu besi. Kwenye DNA ya nyuzi mbili adenini lazima ilingane na thaimini, na guanini ilingane na saitosini, maana kila moja imeshikana na mwenzake. Kwake hesabu ilikataa: thaimini ilizidi adenini kwa karibu theluthi moja. Pili, aliipasha moto. DNA ya nyuzi mbili inapofikia joto fulani huachana ghafla, na mwanga wa urujuanimno inaoufyonza kwenye nanomita 260 unapanda kwa takriban asilimia 40, mpando wa kusimama kama ngazi. Hii yake ilipanda polepole tu, kidogo kidogo. Miaka 18 baadaye, 1977, kundi la Frederick Sanger lilisoma mpangilio wake karibu wote: nyukliotidi 5,386 (kila moja ni besi pamoja na sukari na fosfeti yake), zimefungwa duara.

Mwaka huohuo wa 1977 ndipo ilipodhihirika kwamba virusi vya milia ya mahindi na vya batobato ya muhogo navyo vina DNA ya uzi mmoja iliyofungwa duara. Batobato yenyewe ni ugonjwa wa kwetu kihistoria. Maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yaliandikwa 1894 na Mjerumani Otto Warburg kutokana na mimea ya huku Afrika Mashariki, kwenye milima ya Usambara. Kirusi chake kina maduara mawili, kila moja la nyukliotidi kati ya 2,700 na 2,800 hivi. Cha milia ya mahindi kina duara moja tu la ukubwa kama huo.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipitia juujuu. Duara lile la uzi mmoja likishaingizwa na nzi weupe kwenye jani, haliwezi kufanya chochote likiwa vile. Halisomeki. Linaingia kwenye kiini cha seli ya mhogo, na vimeng'enya vya mhogo wenyewe vinalitengenezea uzi wa pili. Likishakuwa na nyuzi mbili ndipo jeni zake zinasomwa, na ndipo protini moja ya kirusi, inayoitwa Rep, inaukata uzi mmoja mahali maalumu ili nakala zianze kutolewa kwa kuzungusha duara. Kwa maneno mengine, jani lenye batobato lina DNA ya kirusi ya namna zote mbili kwa wakati mmoja: ya uzi mmoja ndani ya chembe za kirusi, na ya nyuzi mbili ndani ya kiini. Ukisoma kwamba kirusi fulani ni "cha uzi mmoja", elewa kuwa wanazungumzia kile kinachosafiri ndani ya ganda lake.

Rota ni kinyume chake. Ina vipande 11 vya RNA ya nyuzi mbili, na inavificha. RNA ndefu ya nyuzi mbili ni kitu ambacho seli ya mnyama haikitarajii. Ikikiona inapiga kelele ya kinga. Kwa mimea na minyoo, RNA hiyo hukatwa vipande vifupi na vipande hivyo vinatumika kuiwinda RNA inayofanana navyo. Andrew Fire na Craig Mello walilionyesha hilo kwa minyoo mwaka 1998 na wakapata Nobel 2006. Kwa hiyo rota haitoi nyuzi zake mbili nje ya ganda la ndani. Inasomea humo humo na kutoa nje nakala za uzi mmoja tu. Kirusi cha ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, kinachoua farasi na kuwaacha punda wengi wakidunda, ni cha ukoo huohuo, chenyewe kina vipande 10.

Sasa jeli yako. Mwenzako amekosea, lakini kosa lake lina mantiki, na wengi wanalo. Anafikiri uzi mmoja maana yake ni uzi ulionyooka unaoelea. Uzi usio na mwenzake hujitafutia mwenzake ndani yake wenyewe. Popote besi zinapoweza kukutana, adenini na urasili, guanini na saitosini, hata guanini na urasili kwa kujilazimisha, unajikunja na kushikana, unafanya vitanzi na vipini vya nyuzi mbili fupifupi. RNA safirishi, ile inayobeba amino asidi, ina nyukliotidi kama 76 tu, lakini zaidi ya nusu yake imeshikana. Robert Holley alipomaliza kuisoma ya alanini mwaka 1965, yeye na wenzake waliona palepale kwamba inaweza kujikunja kuwa umbo la jani lenye ncha tatu. RNA ya raibosomu, kile kiwanda cha seli cha kutengeneza protini, imejikunja zaidi ya hapo. DNA ya uzi mmoja pia hujikunja, ila vikunjo vyake kwa kawaida havina uimara ule wa RNA.

Rangi mnayotumia, ethidiamu bromidi au mbadala wake, hujipenyeza katikati ya besi zilizopangana. Kwa kuwa RNA yenu imejaa vipini vilivyoshikana, rangi inapata pa kuingia na mkanda unang'aa. Kwa uzito uleule RNA hung'aa kwa unyonge kuliko DNA ya nyuzi mbili, hilo ni kweli, lakini kung'aa inang'aa. Mikanda mliyoiona, kwa jinsi unavyoieleza, ni RNA ya raibosomu. Jani la kijani halitoi mikanda miwili kama ini la panya kwenye picha za vitabuni. Kuna ile miwili mikubwa ya seli, 25S na 18S, halafu kloroplasti zina raibosomu zao wenyewe zenye RNA ndogo zaidi, nazo zinajitokeza chini. Kadhaa ni idadi ya kawaida. Ukiona miwili tu kwenye jani bichi, mimi ndipo ningeanza kuuliza maswali.

DNA ya mmea ikiwa imeingia, mara nyingi utaikuta juu kabisa, karibu na kishimo ulichopakia, mkanda mzito usiotaka kushuka. Lakini usibishane na mwenzako kwa macho. Gawa sampuli kwenye tyubu tatu. Ya kwanza usiiguse. Ya pili tia RNase A, kimeng'enya kinachokata RNA. Ya tatu tia DNase I, kinachokata DNA, pamoja na magnesi na kalsiamu kidogo, kwa sababu bila hizo haifanyi kazi vizuri. Pitisha zote tatu jeli moja. Mikanda ikipotea kwenye ya pili na kubaki kwenye ya tatu, ni RNA, na ubishi umekwisha. Tahadhari moja kuhusu chumvi: RNase A kwenye chumvi kidogo hula RNA yote, ya uzi mmoja na ya nyuzi mbili, lakini kwenye chumvi nyingi, kama mola 0.3 na zaidi ya sodiamu kloridi, hula ya uzi mmoja na kuiacha ya nyuzi mbili. Watu hutumia tofauti hiyo kwa makusudi. Na tafadhali sana, chupa ya RNase A isikae meza moja na mahali mnapotolea RNA. Kimeng'enya hicho hakina urafiki.

Kuhusu urefu: usiusome kwa ngazi ya DNA, yaani ile mikanda ya kulinganishia ambayo urefu wake unajulikana. RNA iliyojikunja hutembea kwenye jeli ya kawaida kufuatana na umbo lake, si urefu wake peke yake, kwa hiyo mkanda ulio mbele ya alama ya 1,000 haukuambii chochote cha kuaminika. Ukitaka urefu, ikunjue kwanza: formamidi na joto, kisha jeli yenye formaldehaidi, mkifanyia kazi chini ya kabati la kufyonza hewa, na ngazi iwe ya RNA. DNA ya uzi mmoja ina ukorofi huohuo. Hata DNA ya kawaida mkiichemsha nyuzijoto 95 kwa dakika tano na kuitumbukiza ghafla kwenye barafu, itabaki imeachana na itatembea tofauti na ilivyokuwa. Mkiiacha ipoe taratibu, nyuzi zinatafutana na kurudiana. Julius Marmur na Paul Doty walilionyesha hilo mwaka 1960, na kila PCR, yaani kuzidisha nakala za DNA kwa mashine, unayoendesha leo inategemea jambo hilo. Praima zako, vile vipande vifupi vya kuanzishia kunakili, kama hukuwahi kulifikiria, ni DNA ya uzi mmoja. Umekuwa ukiinunua bila kujua.

Jambo jingine: kirusi cha rozeti hakimo kwenye mikanda ile, hata kama jani limedumaa na kukunjamana vipi. RNA ya raibosomu ni nyingi mno, inakifunika. Na rozeti ni ugonjwa wa ajabu, ruhusa nieleze kidogo kwa sababu mmetoka Kongwa, wilaya iliyoingia kwenye vitabu vya historia kwa ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Ugonjwa wenyewe uliandikwa kwa mara ya kwanza 1907 kutokana na karanga za nchi hii hii, wakati wa Wajerumani. Unasababishwa na RNA tatu za uzi mmoja zinazotegemeana. Ya kwanza ni kirusi cha rozeti chenyewe, nyukliotidi kama 4,000, ambacho hakina jeni ya ganda. Ya pili ni kirusi msaidizi, ambacho kinazivalisha nyingine ganda lake ili kidukari aweze kuzibeba. Chenyewe kikiwa peke yake mmea hauonyeshi dalili za maana. Ya tatu ni kipande cha nyukliotidi 900 hivi, kisichoweza kujinakili bila kirusi cha kwanza, na hicho kidogo ndicho hasa kinacholeta rozeti unayoiona shambani. Kipande hicho kikikosekana, hata kidukari habebi kirusi.

RNA hizo zinapojinakili ndani ya jani hupita kwenye hatua ya nyuzi mbili, maana huwezi kunakili uzi bila kutengeneza kinyume chake. Wataalamu wa zamani waliitumia hatua hiyo: walitoa RNA ya nyuzi mbili kwa kuipitisha kwenye unga wa selulosi na ethanoli ya asilimia 16, wakaipata ile ya kipande cha 900 wazi kwenye jeli, bila praima wala mashine. Kama PCR yenu imeharibika na mna uvumilivu, njia hiyo bado inafanya kazi.

Mashine ya kupima mkusanyiko nayo nina neno nayo, kwa sababu naona matokeo mengi ya wanafunzi yakiharibikia hapo. Spektrofotometa haijui umeweka nini. Inasoma ufyonzaji kwenye 260 na kuzidisha kwa namba uliyoichagua wewe: ufyonzaji wa 1 kwa njia ya sentimita moja ni mikrogramu 50 kwa mililita kama ni DNA ya nyuzi mbili, 40 kama ni RNA, na karibu 33 kama ni DNA ya uzi mmoja. Usomaji wa 0.5 basi unaweza kuwa 25, au 20, au 16.5, kutegemea kitufe. Uzi ulio wazi unafyonza zaidi kwa uzito uleule, ndiyo sababu namba yake ni ndogo. Na uwiano wa 260 kwa 280 kuwa 2.0 si ushahidi kwamba umeshika RNA safi; unasema tu kwamba protini si nyingi. Mchanganyiko wa RNA na DNA utakupa 1.9 yenye sura nzuri kabisa.

Swali lako la tatu. RNA ina kikundi cha haidroksili kwenye kaboni ya pili ya sukari yake, DNA haina. Kikundi hicho kiko jirani kabisa na fosfeti inayounganisha nyukliotidi moja na inayofuata, na mazingira yakiwa ya alkali kinaishambulia na kuukata uzi kutokea ndani. Ndiyo maana sodiamu haidroksidi huachanisha nyuzi za DNA bila kuikata, lakini RNA huisaga. Kwa hiyo RNA ina udhaifu wa kuzaliwa. Lakini kwa hapa Dodoma, na kwa safari ya kutoka Kongwa, kilichowaumiza zaidi ni vimeng'enya. RNase ziko kwenye jasho la vidole, kwenye vumbi, na zaidi ya yote ndani ya jani lenyewe. Ukilichuma na kulikunja, seli zinapasuka na RNase zinakutana na RNA. Hazihitaji madini ya kusaidiwa, tofauti na DNase nyingi, ambazo ukiweka EDTA, kemikali inayoyakamata madini hayo, zinanyamaza. RNase A ina madaraja manne ya salfa, na ukiichemsha ikapoa inajikunja upya na kuendelea na kazi. Christian Anfinsen alipata Nobel ya 1972 kwa kuichunguza tabia hiyo ya kujikunja. Kwa hiyo msitegemee kuchemsha maji. Na hata otoklevu haitoshi kila mara.

Dawa yake ni kasi na baridi. Jani litumbukizwe kwenye naitrojeni ya majimaji, au kwenye kimiminika cha kutunzia RNA, au lisagwe palepale shambani kwenye bafa yenye guanidini thayosayaneti, ambayo inavilemaza vimeng'enya vyote, na RNA ikishapatikana ikae kwenye hasi 80. Boksi la barafu la saa mbili kwenye gari la wazi si baridi, ni matumaini. Kwa DNA ya batobato mnaweza kukausha jani haraka ndani ya silika na kulibeba kwenye bahasha mpaka wiki ijayo. Glovu zibadilishwe ukishashika mlango, simu au pua. Siku moja mtaletewa majani ya mzabibu. Hayo yana polifenoli zitakazogeuza kila kitu kahawia, lakini hilo tuliache.

Hukuuliza kuhusu mwelekeo wa uzi, lakini utakutana nao karibuni, kwa hiyo kwa ufupi. RNA ya uzi mmoja inaweza kuwa chanya, yaani raibosomu inaisoma moja kwa moja, au hasi, yaani lazima inakiliwe kwanza. Rozeti, michirizi ya kahawia na chikungunya ni chanya. Mwaka 1956 ilionyeshwa kwamba RNA tupu ya kirusi cha tumbaku, bila ganda, inaambukiza mmea. Hiyo ndiyo maana ya chanya. Kideri cha kuku na sotoka ya mbuzi na kondoo ni hasi, na RNA yao tupu haiambukizi kitu, kwa sababu kimeng'enya cha kuinakili huja kimebebwa ndani ya chembe ya kirusi. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo katika mlipuko wa 2007 mkoa wetu wa Dodoma ndio uliokuwa na wagonjwa wengi kuliko mikoa mingine nchini, ina vipande vitatu hasi, ila kile kidogo kimechanganya: jeni moja imeandikwa kwa mwelekeo hasi na nyingine kwa chanya kwenye uzi uleule. Mkianza kuchagua praima za kugeuza RNA kuwa DNA, praima lazima iwe kinyume cha uzi mnaoutaka. Ukichagua isiyo yake hupati kitu, na utalaumu kimeng'enya bure.

Sasa muhogo na tyubu moja. Inawezekana, na watu wanafanya, lakini inategemea mliitoaje. Michirizi ya kahawia ni RNA, kwa hiyo inahitaji hatua ya kugeuza kwa riva-transkriptasi, kimeng'enya kinachoigeuza RNA kuwa DNA, kabla ya PCR. Batobato ni DNA, inaingia kwenye PCR moja kwa moja. Kama mlitumia bafa ya CTAB, ile yenye sabuni ya kupasulia seli za mimea, na kushusha kila kitu kwa isopropanoli, tyubu yenu ina vyote viwili. Chukueni sehemu moja ipitie hatua ya kugeuza, nyingine isipitie. Kama mlishusha RNA kwa lithiamu kloridi, DNA ya batobato nyingi mmeimwaga na maji ya juu. Kama mlitia DNase I ili RNA iwe safi, mmeiharibu pia, maana DNase I hula hata DNA ya uzi mmoja, ingawa kwa uvivu. Hapo kuna mtego: batobato bado inaweza kuonekana kwenye tyubu iliyopita hatua ya kugeuza, kwa sababu jani lina RNA zilizosomwa kutoka kwenye jeni za kirusi, lakini mkanda utakuwa dhaifu na siku nyingine hautatokea kabisa, mkaandika kwamba mmea ni mzima.

Kwa hiyo toeni kwa CTAB, msitie DNase, na kwenye kila kundi la sampuli wekeni tyubu moja ambayo riva-transkriptasi haikuwekwa. Michirizi ya kahawia ikitoa mkanda kwenye tyubu hiyo, msianze kutafuta DNA ya mhogo. Tafuteni nani alifungua bidhaa za PCR za jana karibu na meza ya kuandalia.